Kengele ya Freretown na Watoto Waliosoma Chini Yake

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwenda pwani ya kaskazini huvuka Daraja la Nyali, na kabla hajakaa sawasawa kitini husikia utingo wa matatu akipaza sauti, "Kengeleni! Kengeleni, washukao!" Abiria hushuka kwa haraka. Wengine huelekea Nyali, wengine soko la Kongowea, na wengine hutafuta gari jingine la kwenda Kisauni au Bamburi. Katika umati huo upitao hapo kutwa kucha, ni wachache wainuao macho kuutazama mnara mdogo wa kengele uliosimama karibu na njia panda. Na walio wachache zaidi ndio wajuao kwamba mtaa mzima ulipata jina lake kwa sababu ya kengele hiyo.

Upande huo wa bara, ukitazamana na Mji wa Kale ng'ambo ya maji, ndiko uliko mtaa wa Freretown. Leo nyumba zimesongamana, maduka yamejaa kando ya barabara, na minazi iliyobaki yahesabika. Lakini wazee waliozaliwa hapo zamani bado hulikumbuka shamba lenye kivuli, kanisa, njia za mchanga mweupe, na shule ya misheni ambayo kwao ilikuwa zaidi ya mahali pa kujifunza kusoma. Ili mtu aelewe kwa nini shule hiyo ilipendwa hivyo, hana budi kwanza kujua watoto wake walikuwa watoto wa nani.

Mji ulioanzishwa kwa watu walionyang'anywa miji yao

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemtuma Sir Bartle Frere kuja kuzungumza naye habari hiyo. Manowari za Waingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyochukua watumwa kwa siri, na kila jahazi lilipokamatwa likazuka swali: watu hawa watapelekwa wapi? Makwao kulikuwa mbali mno, na wengi wao walikuwa watoto wasioweza hata kuonyesha njia waliyopitishwa.

Jamii ya kimisheni iitwayo C.M.S. ikampeleka Mombasa padre W. S. Price, ambaye hapo kwanza alikuwa akiwalea Waafrika waliookolewa huko Nasik, katika nchi ya Bara Hindi. Mwaka 1875 lilianzishwa shamba na makao ya watu hao upande wa bara, na mahali pakaitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle. Walioanza kazi hiyo pamoja na Wazungu walikuwa Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi, ambao watu waliwaita Wabombei kwa kuwa walitoka pande za Bombay. Hao walikuwa walimu, mafundi seremala, wahunzi na wakalimani. Wawili waliotumika katika misheni hiyo, William Jones na Ishmael Semler, walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, nao wakawa wa kwanza katika Waafrika wa Kenya kupewa daraja hiyo katika kanisa la Kianglikana.

Amani haikuja mara moja. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia misheni, na mabwana zao walikasirika. Kwa hiyo kengele ilikuwa na kazi mbili. Siku za kawaida iliwaita watu kwenye sala na kazi. Na hatari ilipoonekana, iliwaonya wajikusanye upesi wasije wakatekwa tena. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Waliokusanyika hapo walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo, Wazigua na wengineo. Hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili, na Kiswahili kikawa lugha ya mama kwa watoto wao. Majirani wakawaita Wamisheni, na jina hilo likawashika kama jina la kabila.

"Andika, mtoto wa hapa"

Yupo mzee mmoja wa mtaa huo, ambaye sasa umri wake umepita miaka themanini, aliyeingia darasa la kwanza katika shule ya misheni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hata leo hukumbuka asubuhi ile. Mama yake alimwamsha kabla ya jua, akamsugua kwa kumbi la nazi mpaka ngozi ikawaka moto, akampaka mafuta, akamvika kaptura ya kaki iliyoshonwa kubwa makusudi ili imfae miaka mitatu. Viatu hakuwa navyo, wala mwenzake hata mmoja hakuwa navyo.

Watoto walisimama mistari miwili, wakanyosha mikono, na mwalimu akapita akitazama kucha, masikio na nywele. Kisha wakaimba, wakasali, wakaingia darasani. Waliketi wawili wawili, na kila wawili walipewa kibao kimoja cheusi cha kuandikia. Mmoja aliandika, mwenzake akatazama. Kisha kibao kikafutwa kwa mkono na zamu ikabadilika. Mtoto aliyeketi pamoja naye alikuwa mwana wa jirani, mwembamba, mwepesi wa hesabu. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana.

Siku ya kwanza mwalimu alifungua daftari kubwa la majina. Aliuliza jina la mtoto, jina la baba, na kabila. Watoto waliotoka vijiji vya jirani walijibu bila shida: Mgiriama, Mrabai, Mduruma. Zamu ya kijana huyu ilipofika alinyamaza. Mwalimu, aliyekuwa mwenyewe mzaliwa wa Freretown, hakumkaripia. Alimwambia aende akaulize nyumbani, alete jibu kesho.

Jioni ile mtoto alimwuliza nyanya yake, ambaye aliletwa Freretown angali msichana mdogo, pamoja na wengine walioshushwa kutoka manowari. Bibi kizee alikaa kimya kitambo, akiendelea kukuna nazi yake. Mwisho akasema, "Nilikuwa mdogo mno, mjukuu wangu. Nakumbuka mto mpana, na mbuyu mlangoni petu. Jina la mahali silikumbuki. Mwambie mwalimu wewe ni mtoto wa hapa."

Kesho yake mtoto akalipeleka jibu hilo. Mwalimu akalisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akaandika: Mmisheni.

Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Mzee huyo asema kwamba watoto wa mitaa mingine walipotaka kuwachokoza watoto wa Freretown waliwatupia methali hiyo, nao hurudi nyumbani wakilia. Mwalimu aliposikia aliwakusanya akawaambia kwamba methali yamhusu yule aiachaye asili yake kwa hiari. Aliyenyang'anywa hakuacha kitu. Na akipanda mnazi, akijenga nyumba, akazika wazee wake mahali, basi amekwisha kupata asili nyingine, naye ana wajibu wa kuitunza kuliko aliyerithi bila jasho. Maneno hayo hayakuandikwa kitabuni, lakini waliokuwapo wanayajua mpaka leo.

Masomo ya darasani na masomo ya nje

Masomo yalikuwa kusoma na kuandika, hesabu, mafundisho ya dini, usafi, na kilimo. Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikaja pole pole. Miongoni mwa vitabu vilivyosomwa pwani siku zile ni "Uhuru wa Watumwa," kilichotungwa na James Mbotela na kupigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1934. Mtungaji alikuwa mtu wa Freretown, na baba yake alikuwa mmoja wa hao waliookolewa. Wengine katika siku za baadaye walikikosoa kitabu hicho kwa jinsi kinavyowahukumu baadhi ya watu na kuwasifu wengine. Hata hivyo, kwa mtoto wa Freretown kilikuwa na ajabu moja isiyopatikana katika kitabu kingine: kilieleza habari za nyanya yake.

Kila mtoto alikuwa na tuta lake katika bustani ya shule, na tuta lililoota magugu lilimletea mwenyewe aibu mbele ya wote. Viboko navyo havikukosekana, kama ilivyokuwa desturi ya shule nyingi siku zile. Wazee husimulia habari hizo kwa kicheko, lakini si wote wachekao. Wapo walioiacha shule kwa sababu hiyo, na elimu yao ikaishia hapo.

Nje ya darasa kulikuwa na shule nyingine. Embe mbichi ziliangushwa kwa mawe, zikaliwa kwa chumvi na pilipili. Mpira ulifumwa kwa matambara na kamba za migomba. Bahari ilipokupwa watoto walishuka ufuoni kutafuta kaa katika matope ya mikoko, na waliporudi na kaptura zilizochafuka kila mmoja alikuwa na uongo wake tayari. Kengele ilipolia wote walikimbia. Mzee asema kwamba nyumbani hapakuwa na saa. Maisha yote yalikwenda kwa kengele, na mtu aliyechelewa hakuweza kusema hakusikia.

Siku za sherehe watoto walivushwa kwenda kisiwani kwa daraja la zamani, lile lililofunguliwa mwaka 1931. Lilikuwa daraja la kuelea juu ya maji, likipanda na kushuka pamoja na bahari, na gari lilipopita mbao zililia na chuma kikaguna. Watoto wadogo walishikana mikono kwa hofu, na wakubwa wakajifanya hawaogopi. Daraja la sasa, la saruji, lilifunguliwa mwaka 1980, na la zamani likaondolewa.

Mtihani wa darasa la nne

Katika miaka hiyo ya 1950 masomo ya Waafrika yalifuata mpango uliotokana na taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949. Mtoto alisoma miaka minne ya shule ya chini, kisha minne ya shule ya kati, na wachache sana miaka minne ya sekondari. Kati ya kila ngazi na ngazi palikuwa na mtihani, na nafasi za juu zilikuwa chache kuliko watoto. Mtihani wa kwanza ulikuja mwishoni mwa darasa la nne, mtoto akiwa bado mdogo. Aliyeshindwa hapo, kwa kawaida safari yake ya shule ilikwisha.

Wale marafiki wawili walijiandaa pamoja. Mwembamba ndiye aliyemfundisha mwenzake kugawanya hesabu kubwa. Na wote katika darasa walijua kwamba kama mmoja tu atapita, atakuwa yeye. Lakini usiku wa kuamkia mtihani alishikwa na homa. Alikuja hivyo hivyo, akiwa amejifunika kanga ya mama yake, akaketi, akatetemeka, na kalamu ikamdondoka mara mbili. Majina yaliposomwa, jina la rafiki yake lilikuwamo. Lake halikuwamo. Mahali pa kurudia darasa hapakupatikana, na karo ya shule nyingine nyumbani kwao haikuwako.

Huyu aliyepita akaendelea na shule ya kati. Yule aliyebaki akaanza kwenda baharini na baba yake, na baadaye, alipopata nguvu, akawa kuli katika bandari ya Kilindini. Lakini jambo moja halikubadilika. Kila jioni alikuja kumngoja rafiki yake njiani karibu na kengele, na kabla ya salamu nyingine aliuliza, "Leo mmesoma nini?"

Mwanzoni mwenzake aliona haya, kama mtu alaye mbele ya mwenye njaa. Kisha akazoea. Wakaketi kibarazani kwa taa ya mafuta, daftari likafunguliwa, na somo la mchana likasomwa mara ya pili. Ikawa hivyo miaka minne. Mwenye kufundisha akatambua kwamba naye hupata faida, kwa kuwa neno alilolieleza usiku hakulisahau tena. Alipofanya mtihani wa darasa la nane, ulioitwa K.A.P.E., akafaulu, na alipopelekewa habari hizo yule kuli alisema, "Tumefaulu." Hakuna aliyeliona neno hilo kuwa la mzaha.

Mmoja akawa karani serikalini. Mwingine alifanya kazi bandarini mpaka mgongo ukachoka. Siku za mapumziko walisoma pamoja gazeti la Baraza, na hesabu za chama cha mazishi cha mtaa zilishikwa na kuli, si karani, kwa sababu wanachama wote walijua nani mwepesi wa hesabu.

"Mimi nilisoma jioni"

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mambo ya shule yalibadilika mara nyingi. Miaka ya shule ya msingi ikawa saba. Mwaka 1974 karo ikaondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Mwaka 1979 watoto wakaanza kupewa maziwa shuleni, na mwaka 1985 ukaja mpango wa miaka minane ya msingi. Lakini michango ya kila namna iliendelea kuwafukuza watoto wa maskini, mpaka mwezi wa Januari mwaka 2003, serikali mpya ilipotangaza kwamba masomo ya msingi ni bure. Asubuhi hiyo watoto walimiminika katika shule za nchi nzima hata madawati hayakutosha.

Miongoni mwa waliofika siku zile alikuwa yule kuli wa zamani, sasa mvi zimemjaa, akiwashika mkono wajukuu wake wawili. Rafiki yake alikwenda naye. Mwalimu kijana, aliyezidiwa na kazi, alimpa yule mzee karatasi akadhani kwamba itambidi amwandikie. Mzee akavaa miwani, akaandika majina ya wajukuu wake kwa mwandiko wa kulala, safi, kama ulivyofundishwa zamani. Mwalimu akastaajabu.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Nawe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mchana nilisoma mpaka la nne," akajibu. "Baada ya hapo nilisoma jioni."

Rafiki yake, ambaye ndiye asimuliaye habari hii, aligeuka akatazama nje. Asema kwamba katika maisha yake amepewa vyeti kadhaa, lakini hakuna kilichomridhisha kama jibu lile. Mwenziwe alifariki miaka michache baadaye.

Kengele isiyo na wa kuisikiliza

Freretown imetoa watu waliojulikana mbali. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake ilijulikana katika kila nyumba yenye redio nchini Kenya, na kipindi chake cha "Je, Huu ni Uungwana?" kilidumu kwa miongo mingi, alizaliwa hapo mwaka 1940, alifariki mwaka 2025. Chuo kilichofundisha makasisi hapo Freretown kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na mzizi wake ndio huo wa pwani. Lakini mtaa wenyewe umejaa wageni, na wenyeji wa kale wametawanyika. Wapangaji wa nyumba zilizojengwa jana hawajui Wamisheni ni watu gani, wala hawana kosa, kwa maana hakuna aliyewaambia.

Hivi karibuni mzee huyo alikuwa akipita Kengeleni na mjukuu wake, mvulana wa darasa la tano. Kelele za magari zilikuwa nyingi. Mtoto akaonyesha mnara kwa kidole akauliza, "Babu, ile kengele ni ya nini, na mbona sijaisikia ikilia?"

Mzee alikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Lakini akakumbuka kwamba naye zamani aliuliza swali, na nyanya yake alikuwa na jibu fupi tu la kumpa, kwa kuwa mengine yote alikuwa amenyang'anywa. Yeye hakunyang'anywa. Basi akamvuta mtoto kivulini, wakaketi juu ya ukingo wa jiwe, akaanza tangu mwanzo: mto mpana, mbuyu mlangoni, jahazi, manowari, kibao kimoja cha watoto wawili, na rafiki aliyesoma jioni. Soko likasubiri.

Kuna mitaa mingi katika nchi hii yenye shule za namna hiyo, ambazo kuta zake zimepakwa rangi mpya na majina ya walimu wake wa kwanza hayajulikani tena. Wazee waliokalia madawati yake wanazidi kupungua kila mwaka. Aliye na mzee nyumbani na amwulize leo, tena amwulize kwa adabu na kwa saburi. Na mzee aliyeulizwa asiseme kwamba ana haraka. Mtoto aliyekwisha kuambiwa habari za kengele ataisikia hata isipolia.